Kiingereza cha mtihani wa kuingia PhD: nilivyofanya mazoezi ya msamiati na sarufi nikiwa kazini

Mkuu, nirudie swali lako kwa ufupi ili wadau wengine watufuate. Umebakiwa na miezi michache kabla ya mtihani wa Kiingereza wa kuingia masomo ya uzamivu. Kazini unashinda kutwa. Ulianza kukariri orodha ya maneno kwa mpangilio wa alfabeti, ukakwama herufi C. Sarufi unaisoma sura kwa sura, lakini kila ukijipima kwa mitihani ya nyuma unaambulia nusu ya alama. Sasa unauliza uongeze maneno au urudi kwenye sarufi.

Mtihani huu nimeupitia, na jibu langu ni kwamba vitu hivyo viwili usivitenganishe. Ukiutazama vizuri utaona unapima kitu kimoja, nacho ni kama unaimudu sentensi ndefu ya kitaaluma. Swali la msamiati linatoboa tundu katikati ya sentensi hiyo, la sarufi linachezea kitenzi chake, kifungu cha ufahamu kinakupangia sentensi za namna hiyo aya baada ya aya, na sehemu ya kuandika inakutaka uitunge wewe mwenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kuongea Kiingereza vizuri tu kazini, kwenye simu na kwenye vikao, halafu karatasi ikamtoa jasho. Kiingereza cha kuongea hakina sentensi hizo.

Chukua hii, nimeitunga kwa kufuata aina niliyokuwa nakutana nayo:

"The extent to which the findings of these earlier studies, most of which were conducted in laboratories, apply to ordinary classrooms ____ unclear."

Unapewa "remain", "remains", "remaining" na "to remain". Mtu asiye na mazoezi anatupa jicho kwenye neno lililo jirani na pengo, anaona "classrooms" ni wingi, anachagua "remain" na kuendelea na safari. Ukitaka kupata jibu sahihi, orodhesha vitenzi vyote halafu kila kimoja kitafutie mwenyewe, yaani kiima chake. "Were conducted" ni cha "most of which". "Apply" ni cha "findings". Pengo limebaki bila mwenyewe, na nomino pekee ambayo haijapata kitenzi wala haijatanguliwa na kihusishi (kama "of", "in" au "to") ni ile ya mwanzo kabisa, "the extent", ambayo ni umoja. Kwa hiyo "remains". Zile mbili za mwisho hazifai kwa sababu sentensi nzima ingebaki bila kitenzi kikuu. Kwa sentensi moja umeshafanya zoezi la upatanisho, kishazi rejeshi, kauli ya kutendwa na matumizi ya "to which", na hukufungua kitabu chochote cha sarufi.

Kazi hii sisi tunaifanya kila siku kwa Kiswahili bila kujua. Nani anasema "matokeo ya utafiti wa walimu wale wanaonyesha"? Hata mtoto anasema "yanaonyesha", ingawa walimu ndio walio karibu na kitenzi. Kiswahili kinakubandikia alama ya kiima waziwazi karibu kwenye kila kitenzi, kwa hiyo sikio linakuongoza. Kiingereza kimeuficha karibu upatanisho wote nyuma ya "s" moja, tena si katika kila wakati wa kitenzi, ndipo inabidi jicho lifanye kazi ya sikio.

Zoezi langu la kila jioni lilikuwa hili. Nachukua ikisiri (abstract) moja kutoka jarida la fani yangu, nachagua sentensi mbili tatu ndefu kuliko zote, napigia mstari vitenzi, natafuta wenyewe, halafu nafuta kila kisicho lazima mpaka nibaki na mifupa. Ile ya juu mifupa yake ni "The extent remains unclear". Baada ya hapo nafunika makala na kujaribu kuijenga upya sentensi kutoka kwenye mifupa, kisha nalinganisha na ya mwandishi. Kule kujenga upya ndiko kunakouma na ndiko kunakofundisha. Utashangaa: unasoma sentensi unaielewa yote, ukiambiwa uirudishe unaacha "the" mbili na kihusishi kimoja. Hizo ndizo alama zako zinazopotea.

Anza na fani yako kwa sababu maudhui unayajua, akili inabaki huru kuangalia lugha. Ukishazoea, hamia kwingine. Mtu wa uhandisi asome historia, mtu wa sheria asome biolojia, kwa kuwa vifungu vya mtihani havichagui fani ya mtu.

Sasa sarufi yenyewe. Usisome kitabu chote. Kuna makosa yanayotukuta sisi wasemaji wa Kiswahili kwa sababu Kiswahili kinayaruhusu, na hayo ndiyo ya kuwinda kwanza. Kubwa lao ni "although" na "but" ndani ya sentensi moja. Kwetu "ingawa mvua ilinyesha, lakini walifika" inapita kila mahali. Kiingereza kinataka kimoja tu kati ya hivyo viwili, na watunga mitihani wanaupenda mtego huu. La pili ni vihusishi vya ziada. Tunajadili kuhusu jambo na tunasisitiza juu ya jambo, basi mkono unaandika "discuss about" na "emphasize on". Vitenzi hivyo havihitaji kihusishi. "Despite" nayo haitaki "of". "Lack" ikiwa kitenzi haiitaki, ikiwa nomino inaitaka: "the study lacks evidence", lakini "a lack of evidence".

Halafu kuna kiambishi chetu "-me-". "Amefika jana" haimsumbui mtu. Kiingereza hakiruhusu "has arrived yesterday", kwa sababu wakati uliokwisha kutajwa na kufungwa unadai "arrived". Kinyume chake, ukiona "since 2010" mwanzoni mwa sentensi inayosimulia jambo linaloendelea mpaka leo, tafuta "has" au "have" kwenye majibu. Na hapo hapo ujue kutofautisha "the number of students has" na "a number of students have", maana mitego hiyo miwili hupenda kuja pamoja. "Research", "evidence", "information" na "equipment" usizitie "s" hata ukishikiwa bunduki.

Kuhusu "a" na "the", ushauri wangu hautawapendeza walimu: usizame huko. Jua kwamba kitu kinapotajwa mara ya kwanza kwa kawaida huchukua "a", kikirudi huchukua "the", na nomino inayofafanuliwa mara moja na "of" mara nyingi huchukua "the". Mengine yataingia kwa kusoma.

Kuna miundo ambayo mtu haisikii mtaani kabisa ila kwenye mtihani haikosi. "Not only did the method fail..." "Hardly had the trial begun when..." "No sooner had they started than..." "Had the sample been larger, the results would have been different." "The reviewers recommended that the test be repeated", na hapo ni "be", wala si "is" au "was". Pia ile sentensi yenye mwanzo usio na mwenyewe: "Having analysed the data, the results were published." Matokeo hayakuchambua data, watafiti ndio waliochambua, kwa hiyo sentensi ina kasoro. Miundo ya aina hii ni michache, inahesabika, na hapa ndipo ninapokubali kukariri. Chukua sentensi moja kamili kwa kila muundo, iingie kichwani kama sala. Siku ya mtihani hutakumbuka kanuni, utakumbuka sentensi.

Tuje kwenye msamiati. Kosa la orodha ya alfabeti ni kwamba inayapa maneno yote uzito sawa. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria kule Wellington, New Zealand, alichapisha orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoipata kwa kuchambua maandishi ya vyuo vikuu yenye maneno takriban milioni 3.5 kutoka fani mbalimbali. Zikapatikana familia 570 za maneno (neno pamoja na vinyambuo vyake), ambazo zinachukua karibu asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi ya aina hiyo. Zimegawanywa katika vikundi 10 kufuatana na wingi wa kutumika, na kikundi cha kwanza, chenye familia 60, ndimo zilimo "analyse", "assess", "assume", "concept" na wenzao. Anza hapo ushuke. Orodha hiyo haikuhesabu yale maneno 2,000 ya kawaida ambayo Michael West, mtaalamu wa kufundisha Kiingereza, aliyaorodhesha mwaka 1953, kwa hiyo ukiona hata hayo ya kawaida yanakupiga chenga, rudi kwayo kwanza bila aibu.

Nimesema familia makusudi. Wewe unajua soma, somo, msomaji, usomaji, someka. Fanya vivyo hivyo kwa "analyse, analysis, analyst, analytical, analytically". Mtihani mara nyingi haukuulizi maana ya neno. Unakupa ndugu wanne wa familia moja na kukutaka umtambue nomino ni nani na kielezi ni nani.

Aina nyingine ya swali inakupa maneno manne yenye maana moja ukiyatazama kwa Kiswahili: "reject", "refuse", "deny", "decline". Yote ni kukataa. Swali linasema "The data led the team to ____ the null hypothesis", nawe uliyejifunza kwa kuandika neno kushoto na tafsiri kulia unabaki kubahatisha. Aliyejifunza neno pamoja na marafiki zake anajua "hypothesis" hutembea na "reject", "invitation" hutembea na "decline", "allegation" na "deny", na "refuse" hupenda kufuatwa na "to". Kwa hiyo kadi zako za kukariria maneno ziwe na sentensi yenye pengo upande mmoja na neno upande wa pili. Tafsiri iweke kwa herufi ndogo pembeni, ikibidi.

Na usidharau maneno unayodhani unayajua. Nilikuwa na mwenzangu tukijiandaa pamoja, alikuwa na daftari limejaa maneno magumu ambayo hata Waingereza sidhani wanayatumia, na yaliyokuwa yakimkosesha alama ni "sound", "address", "yield", "novel", "account for" na "subject to". "A sound argument" haina uhusiano na kelele. "To address a problem" haina anwani ndani yake. Haya yana hatari kwa sababu unayapita bila kusimama.

Namna ya kurudia kadi ni jambo lililochunguzwa zamani. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau haraka mwanzoni, halafu kasi inapungua. Sebastian Leitner mwaka 1972 akapendekeza visanduku: kadi uliyoipata inasonga kwenye kisanduku kinachofunguliwa kwa nadra zaidi, uliyoikosa inarudi cha kwanza. Programu ya Anki inakufanyia hesabu ya namna hiyo bure kwenye kompyuta. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke mwaka 2006 walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na wale waliojijaribu kukumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, baada ya wiki waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo ukisoma daftari usiku ukajiona umeiva, subiri wiki ipite kwanza.

Maneno kumi mapya kwa siku kwa mtu wa kazini yanatosha. Ukienda zaidi, marejeo yanarundikana na siku moja unaifungua programu, unaona mlima, unaifunga. Mimi kadi nilizifanya asubuhi kabla ya kazi na wakati wa mapumziko, sentensi ndefu jioni, na mwisho wa wiki mtihani mmoja wa nyuma nikijipimia muda kwa saa, simu imezimwa.

Sehemu ambayo wengi wanaifanya nusunusu ni baada ya kusahihisha. Wanahesabu alama, wanasikitika, wanachukua karatasi nyingine. Kila swali ulilokosa liandikie sababu: sikujua neno, au neno nilijua ila muundo sikuuona, au haraka. Na andika kwa nini lile jibu ulilochagua si sahihi. Ukishapata kurasa kadhaa, rundo moja litakuwa kubwa kuliko mengine, na hilo ndilo jibu la swali lako la kama uongeze maneno au sarufi. Kwangu rundo kubwa lilikuwa la muundo, na nikapunguza kadi ili jioni nzima niipe sentensi.

Maelekezo ya karatasi yasome sasa hivi, usisubiri siku yenyewe, hasa kama jibu lisilo sahihi linakatwa alama. Lisipokatwa, usiache pengo hata moja.

Ukiweza, weka hapa maswali mawili matatu uliyoyakosa kwenye karatasi ya mwisho, pamoja na jibu ulilochagua na sababu iliyokufanya ulichague, tuyachambue moja moja.