Kabla hujaipandisha ATM ya maziwa

"Mwanangu, hii mashine yako inauma." Mama mmoja aliniambia hivyo dukani kwangu Kayole, Nairobi, kuhusu ATM ya maziwa, ile mashine ambayo mteja anabonyeza ikammiminia maziwa, akipangusa vidole kwa leso. Nikacheka. Kesho yake ikanipiga shoti mimi, sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki, patipati zimelowa.

Nikaipandisha juu ya mawe ya ujenzi iwe mbali na maji. Hapo nilikosea, maana umeme haukutoka sakafuni. Ulikuwa ukivuja ndani, waya wa kompresa umechubuka na bodi yote ya stenlesi ina stima. Fundi wa stima aligusisha testa mlangoni, ikawaka. Akachomoa plagi: ule mguu mrefu, wa ethi, unaopeleka stima iliyovuja ardhini, umekatwa ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Mkataji ni mimi.

Usingoje fyuzi ikuokoe. Fyuzi ya ampea 13 hainusi uvujaji mdogo, na moyo wa mtu unaweza kusimamishwa na chini ya sehemu ya kumi ya ampea moja. Rudisha ethi kwanza, kisha mwambie fundi aweke RCD ya miliampea 30, ile swichi inayokata stima mara inapovuja. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi. Isipokata, hiyo ni pambo. Marekani, mashine za kuuzia bidhaa zilizotengenezwa tangu 2005 lazima ziwe na kinga ya aina hiyo kwenye plagi au karibu nayo. Yangu haikuja nayo.

Sasa yale mawe. Jirani yangu anayetumia kiti cha magurudumu alikuwa akijibonyezea maziwa mwenyewe, ghafla akaanza kutuma mtoto. Nilipomuuliza akasema, "Ndugu, si uliniwekea vibonyezo mbinguni?" Nikapima: mita 1.39. Kanuni za Marekani hazitaki kibonyezo kipite mita 1.22, na kitumike kwa mkono mmoja bila kukaza ngumi. Mawe yakatoka, nikabaki na 1.19. Maji nikayachongea mfereji wa kuyatoa nje.

Kilichonichosha zaidi ni makreti ya mkate, maana kiti kinahitaji nafasi ya sentimita 76 kwa 122 mbele ya mashine. Sasa yako nyuma ya kaunta, nayaruka kama mbuzi. Jioni ile jirani alikuja, akabonyeza ya hamsini, akanidai chenji ya mia.