Mkutubi mpya Nyanda za Juu Kusini, anza na jirani

Ndugu yangu uliyepangiwa maktaba Mbeya, Njombe au Iringa, hutamaliza mwezi bila kuambiwa kwamba semina zote ziko Dar es Salaam na Dodoma, sisi huku tumeachiwa baridi. Si uongo sana. Mwaliko huishia mezani kwa mkuu wa idara, na fungu la safari likipatikana ni la mtu mmoja. Usikae kulisubiri.

Mbeya mjini kuna Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na kuna maktaba ya MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Iringa ndiyo usiseme: Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha na Mkwawa, wote mji mmoja. Omba ruhusa ya nusu siku uende, ila uende na jambo la kazi mkononi.

Chukua mfano wa Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba iliyoanzia New Zealand. Kitabu cha Kiingereza hakikusumbui: unaingiza ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, unavuta rekodi yenye maelezo yake kutoka katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, unaweka namba yako ya rafu, kazi imekwisha. Shida inaanza kwenye vitabu vya Kiswahili vya wachapishaji wetu, ambavyo mara nyingi huko havimo, na unajikuta unaandika rekodi nzima kwa mkono. Kumbe mwenzako wa mtaa wa pili alishaiandika mwaka jana. Akikutolea faili la MARC, muundo wa rekodi ambao kompyuta za maktaba husoma, kwenye flashi, unaokoa siku nzima. Nawe mpelekee za kwako, maana anayekuja kuchukua tu hukaribishwa mara moja.

Ukishazoeana nao, uliza kama taasisi yako imesajiliwa Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea majarida na vitabu vya utafiti mtandaoni bure au kwa bei nafuu. Ndani yake Hinari inahusu afya na AGORA inahusu kilimo. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu, kwa hiyo huenda nywila iko kwa mtu aliyekwishahamishwa kituo! Ifuatilie. Mkulima wa viazi wa Umalila akija kuulizia mnyauko, tafuta humo, kisha mpigie mtu wa kituo cha utafiti Uyole akusaidie kutafsiri lugha ya wataalamu.

Chama cha wakutubi nchini, TLA, lipia ada hata kama kituoni kwako hakuna anayelipa. Kupitia vyama kama hicho unasikia habari za SCECSAL, mkutano wa wakutubi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini unaofanyika kila baada ya miaka miwili, na za AfLIA, chama cha maktaba cha Afrika nzima chenye makao yake Accra. Huko wanapokea ikisari, yaani muhtasari wa mada unayotaka kuwasilisha. Andika ulichokifanya wewe, mathalani ulivyopeleka vitabu Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale na watu walichokuja kuulizia. Nadharia wanazo za kutosha. Ikisari ikikubaliwa, barua yake iambatishe kwenye maombi ya fedha. Mwajiri husikiliza karatasi kuliko maneno.

Ukirudi, omba saa moja uwafundishe wenzako ulichokipata. Hakikisha msaidizi wa maktaba yumo, kwa sababu yeye ndiye anayekaa kaunta kutwa nzima, na kwenye orodha ya semina jina lake huwa halionekani.