Nimepimwa presha sokoni, niiamini?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi mama wa miaka 47, nauza viazi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Juzi walikuja watu wanapima presha bure nikapima ikatoka 158 kwa 96, ndo nilikuwa nimetoka kutua gunia. Mume wangu anasema niachane nao mbona siumwi kitu. Na kwanini wasitupime wote tu nyumba kwa nyumba?

JIBU: Marahaba mama. Hapo baba hajakaa sawa, presha haisubiri mpaka kichwa kianze kuuma, watu kibao wanatembea nayo miaka na wanakuja kuijua siku mdomo umepinda na mkono umelegea. Ila na hiyo namba ya juzi usiichukue kama ndo majibu ya mwisho, umetoka kutua gunia moyo bado unadunda, na kwa baridi ya huko pengine mkanda ulifungwa juu ya sweta. Kupima kwenyewe ni hivi, unakaa kimya dakika 5 umeegemea, miguu chini usiikunje nne, mkono mtupu mezani usawa wa moyo, na nusu saa kabla usinywe kahawa wala chai ya rangi. Wapime mara mbili, urudi na siku nyingine. Ikibaki 140 kwa 90 kwenda juu basi presha unayo.

Kupima wote? Uingereza wanaita watu wa miaka 40 hadi 74 kila miaka 5. Denmark nako waliita wanaume wa miaka 65 hadi 74 wakacheki moyo na mishipa, zaidi ya theluthi hawakutokea, na majibu ya 2022 yalionyesha baada ya miaka 5 na ushee walioitwa walifariki asilimia 12.6, wasioitwa 13.1, yaani tofauti ndogo mno. Mimi bado natamani tupime hadi stendi, kinachoniuma ni mtu kupimwa akaachwa hivohivo, hana karatasi, hajaambiwa aende wapi.

Wewe walikuandikia? Kama hapana andika mwenyewe kwenye daftari, wiki hii nenda zahanati asubuhi kabla hujabeba kitu, na baba nenda nae akapime. Wakikuanzishia vidonge usiache eti kwa sababu unajiskia poa. Na kifua kikibana au ulimi ukiwa mzito ghafla, acha viazi hapohapo uende hospitali.