Mikoko ya Nyuma ya Nyumba ni ya Nani?

SWALI: Assalam aleikum Bwana Misitu. Naishi Mikindani, Mombasa, na mikoko imefika karibu na ua wetu. Mjomba ataka kukata boriti chache atengeneze banda la makuti, majirani wasema atashikwa. Mbona wazee wetu walikata miaka yote? Kwani si yetu? – Mama Zuhura

JIBU: Wa aleikum salaam, Mama Zuhura. Wazee walikata, tena boriti za pwani hii zilipakiwa majahazini hadi Uarabuni. Ila mikoko ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, na Katiba ya Kenya ya 2010 inahesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma. Mjomba akiingia na shoka bila kibali, majirani wamesema kweli.

Njia ya halali ipo. Sheria ya misitu ya 2016 inawaruhusu wakazi kuunda chama cha jamii cha msitu, kisha kutia saini mkataba na Shirika la Huduma za Misitu. Mkataba hufuata mpango: wapi pakatwe, wapi papumzishwe, nani achukue kuni, nani aweke mizinga ya nyuki. Hapo ndipo vikundi huchoka. Mpango wataka mtaalamu, na mtaalamu ataka pesa. Haki imetolewa, lakini imewekwa rafu ya juu.

Kabla ya shoka, mwulize mjomba ni mti gani, maana tunaposema mikoko twataja miti ya aina kadhaa. Mchu ukikatwa huchipua. Ule uitwao mkoko wenyewe ukikatwa shina umekwisha, labda mbegu ije na maji. Na kupanda nako kuna makosa yake. Mbegu ya mkoko huota ingali mtini, ndefu, rahisi kuchomeka topeni, basi kila kikundi huja na hiyo hiyo na kuipanda popote, wapigwe picha waende zao. Kule juu ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, yaani maji makuu, hukauka. Pale ni pa mchu.

Mkiwa na nia ya chama, nendeni Gazi, Kwale, mkawaone Mikoko Pamoja, kikundi cha wakazi wa huko. Mradi wao ulianza 2013, nao hulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao. Waulizeni hasa habari za mkataba na nani hushika hesabu.

Banda lisingoje hayo yote. Mvinje hupandwa mashambani pwani nzima, na nguzo zake zitabeba makuti vizuri. Mjomba anunue hizo, adai risiti.