Usinunue hizo pointi: changu na chewa wakishataga hawakai pale walipokutania

Usinunue. Kabla hujasoma mengine, mwambie huyo jamaa anayekuuzia pointi umeghairi, kisha rudi hapa.

Umeandika kwamba umepata fiba (boti ya plastiki ngumu) yenye injini ya nguvu farasi 15, uko upande wa Wete, Pemba, na mwamba wa nje ya kisiwa cha Fundo uliokupa changu na chewa kaskazi nzima, msimu wa upepo wa kaskazini, sasa ni mtupu. Kuna mtu anakuuzia pointi za GPS, yaani nukta za ramani za mahali pa kuvulia. Umeangalia video za Wamarekani wakieleza bass wa ziwani wanakwenda wapi wakishataga. Na unauliza mambo mengi kwa mpigo: mashine ya kuonea samaki, saizi ya ndoana, mwezi ukiwaje ndio utoke, na kama uhamie kisiwa cha Misali. Wachangiaji wa juu wameshakutajia mashine za bei zote, hongera zao. Mimi nimeona neno "pointi" nikasimama.

Mimi nilizinunua. Kwa mtu wa dikoni, pale boti zinaposhusha samaki, simtaji, anajijua na pengine anasoma hapa huku anakunywa urojo kwa pesa zangu. Alinifungulia simu yake, akanionesha picha za chewa waliojaa boti mpaka hakuna pa kuweka mguu, akanionesha nukta kwenye ramani, na wallahi nukta zilikuwa za kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mahali hakunidanganya, alinidanganya wakati. Zile picha zilikuwa za kaskazi, samaki wamekutana kutaga, na mimi ananiuzia kusi, upepo wa kusini, limeshaanza kupiga. Ningekwenda polisi ningesema nini? Kwamba ameniuzia bahari ambayo ipo?

Nikatia barafu. Nikatia petroli kama mtu anayekwenda Tanga na kurudi. Pointi ya kwanza, kimya. Ya pili, vibua wa kuonea huruma. Ya tatu mshipi ulirudi na chambo kizima, hata kuguswa hakikuguswa. Hapo ndipo nilipokumbuka video, maana na mimi nilikuwa mwanafunzi wa Wamarekani. Mtaalamu alisema samaki akishataga anashuka kwenye kina kupumzika. Nikasema kumbe! Nikageuza boti kuelekea nje.

Sasa wewe mtoto wa Wete unajua nje ya pale kuna nini. Ukishauvuka mwamba chini panaporomoka, na huko katikati ya mkondo wa Pemba, ile bahari baina ya kisiwa na bara, kina kinafika mita 800. Kamba yangu ya nanga ilikuwa pima thelathini. Nikawa nachukuliwa na maji kuelekea kaskazini, mshipi unashuka haurudi na habari yoyote, injini nawasha, nazima, nawasha tena. Mtaalamu akisema "kina" anazungumzia mita chache za ziwa lao. Mimi nikaenda kukitafuta mahali ambapo hata meli ya Unguja ikizama hakuna atakayeigusa kwa mshipi.

Nikarudi na hasira zangu kwenye pointi ya mwisho na kutia nanga juu ya mwamba moja kwa moja, tena bamvua, siku za maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yanakimbia. Nanga ikanasa kwenye matumbawe. Tukavuta, tukaizunguka, tukavuta kwa upande wa pili, boti ikaanza kuinama mbele. Nikakata kamba. Nanga ya chuma, mnyororo na kamba ambayo haijamaliza hata mwezi vyote vikabaki chini. Barafu ilikuwa imeshakuwa maji ya kunawia. Mafuta ya kurudia tuliyapima kwa kulitikisa dumu na kusikiliza. Tajiri mwenye boti alipoona tunachoteremsha dikoni akauliza kama tulikwenda kuvua au kutembea. Sikumjibu, na mpaka leo akiniona nabeba barafu anauliza kama ni ya juisi.

Jumlisha bei ya pointi, mafuta, barafu, nanga, posho za mabaharia. Kwa pesa hizo ningekwenda mnadani na kununua changu wa kula mimi, majirani na paka wao mpaka kaskazi nyengine.

Na lililonikera kuliko yote ni hili. Baharia wangu mmoja alitega madema, mitego ya samaki ya kusuka, miaka mingi kabla hajaja kwangu. Siku nzima kakaa mbele kimya. Tunafunga boti namuuliza: yakhe, wewe madema yako wakati wa kusi ulikuwa ukiyatega wapi? Akanijibu: mchangani, ubavuni mwa mwamba, kule ndani tulikopita asubuhi. Mbona hukusema? "Nahodha, ulikuwa na simu."

Turudi kwa hao bass, kwa sababu naona wamekuingia kichwani kama walivyoniingia mimi. Ni samaki wa maji matamu, asili yao Amerika ya Kaskazini, na jirani zetu wa Naivasha kule Kenya wanao tangu walipopelekwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Dume anatengeneza kiota chini, kwenye maji machache karibu na ufukwe, maji yakishapata joto la nyuzi 16 mpaka 20 hivi baada ya baridi yao. Jike anataga anaondoka, dume anabaki kulinda mayai na vitoto. Kwa hiyo mvuvi wa kule anaposema "baada ya kutaga" anajua samaki wake wamegawika: majike wamesogea kwenye mteremko wa kwanza ulio jirani, madume bado wamo kwenye maji machache. Na kiangazi kikikolea, ziwa linajigawa matabaka, vuguvugu juu na baridi chini, na lile la chini mara nyingi linaishiwa na hewa. Kwa hiyo hata huko samaki hashuki tu bila kikomo. Nasikia mtaalamu alilisema hilo kwenye video hiyo hiyo. Mimi bando lilikuwa limeshakatika.

Changu wetu hana kiota, na chewa hana kiota. Wanakutana, wanamwaga mayai majini, mkondo unayachukua, kwisha kazi. Hakuna baba anayebaki kulinda. (Kwa chewa hata huyo baba zamani alikuwa mama: wengi wao huanza maisha wakiwa majike, wakikua wakageuka madume. Yule mkubwa uliyempiga picha ukamwita "bi mkubwa" labda ungemwita bwana.) Samaki wengi wa miamba huku kwetu hutaga zaidi wakati wa kaskazi, bahari ina joto. Chewa ambaye mwaka mzima yuko peke yake shimoni anaweza kusafiri masafa kwenda kukutana na wenzake sehemu moja, mara nyingi kwenye ncha ya mwamba au mlango wenye maji ya kukimbia, na wakimaliza kila mmoja anarudi kwake. Ukiipeleka pointi ya siku hizo kwenye kusi, umeingia ukumbini harusi imepita wiki, unauliza pilau liko wapi.

Tena hata kama ungeijua siku yenyewe, fikiri mara mbili. Chewa waliokusanyika pale ndio wa eneo zima la miamba, si wa mwamba mmoja. Mkiwazoa, mwaka unaofuata hakuna wa kukutana. Haya, sitaki kuhubiri, nimekula mimi pia.

Kitu kimoja cha Wamarekani nakubaliana nacho, na ndicho nilichokiruka: mteremko wa kwanza ulio jirani. Si bahari kuu, si kijiji cha pili. Kwa hiyo sheria yangu sasa ni moja tu na mabaharia wangu wameshachoka kuisikia: NANGA HAIGUSI MAJI MPAKA BILDI IMESEMA. Bildi ni ile kamba yenye uzito wa kupimia kina. Hata kama jana ulivua pale pale.

Anza na mwamba uliowapata kaskazi, lakini usikae juu yake. Nenda upande mkondo unakotokea, zima injini, iache boti iende na maji, na utupe bildi kila ukisogea kidogo. Huna bildi? Funga kambani chubwi kubwa ya risasi, ule uzito wa mshipi, chini yake ipake sabuni ya mche iliyolainika. Ikirudi imekwaruzika au ina vipande vya matumbawe, uko mwambani. Ikirudi na mchanga, umeshatoka. Unachokitafuta ni mpaka wa hivyo viwili, hasa pale ambapo kina kinaanguka pima mbili tatu kwa ghafla, na hasa ubavu unaopigwa na mkondo. Changu anakula kaa, konokono, chaza, vitu vya mchangani na kwenye vifusi vya matumbawe. Ametoka kutaga, ana njaa, anakula hapo. Chewa yeye habishi hodi kwa mtu, anajibanza kwenye shimo la ukingo huo huo akisubiri kinachopita. Kwa hiyo boti ni moja, mahali ni pamoja, kinachobadilika ni kama chambo kinakaa mchangani au kinaning'inia kwenye ukuta.

Na usikimbilie ukuta wa nje. Kule ndani, baina ya visiwa na nchi kavu, kuna vijimwamba vilivyozungukwa na mchanga ambavyo sisi wenye injini tunavipita kwa dharau kwa sababu wazee wa ngalawa wanavua hapo. Wanavua hapo kwa nini, umewahi kujiuliza? Mimi nilidhani ni kwa sababu hawana petroli.

Ukishaupata ukingo, upitie mara ya pili na mshipi mkononi. Ukiguswa, shika alama za nchi kavu: mnazi fulani ulingane na paa fulani upande mmoja, na ncha ya kisiwa ilingane na mkoko upande mwengine. GPS pia weka, sijasema ni haramu, lakini iwe nukta yako wewe, na uandike mwezi na upepo. Kisha rudi juu mkondo unakotokea, tia nanga MCHANGANI, legeza kamba taratibu mpaka boti ije kukaa juu ya ukingo. Nanga ya mchangani inang'oka ukiivuta. Ile yangu bado iko chini, na anayetaka pointi yake nampa bure.

Siku za bamvua kazi ya bildi ni ngumu, maji yanaikokota kamba inalala upande na kina unachokisoma ni cha uongo. Kwa hiyo kutafuta ukingo nenda maji mafu, siku ambazo mwezi ni nusu. Ukishaujua ukingo wako ndio unaweza kuja na bamvua, ukangoja ile saa maji yanapoanza kwenda, si yakiwa yamesimama na si yakiwa yanakimbia kama wazimu.

Misali: kuna sehemu imefungwa kuvua tangu 1998, ulizia mipaka kwa kamati ya wavuvi ya kwenu kabla hujapeleka fiba mpya ikakamatwa. Kwengine pale ni ukingo na mchanga tu, sheria ni ile ile ya bildi. Mashine ya kuonea samaki itakuonesha chini vizuri kuliko sabuni, sikatai, lakini mwenye mashine naye nimemuona akitia nanga juu ya matumbawe kwa sababu ameona vidoa kwenye kioo. Vidoa vyengine ni samaki, vyengine havili chambo chako.

Ulikuwa umeuliza na kitu chengine juu ya nyuzi au ndoana, nimeshasahau na sipandi tena juu kusoma. Watakujibu wenye subira. Mimi hapa maji yameshaanza kujaa na boti yangu iko mchangani haijafungwa.