Muulize Mama Mkunga: Nani aingie leba na mzazi?

*Shikamoo Mama Mkunga. Mimi ni mwenyekiti wa kikoba cha akina mama katika kijiji kimoja hapa Muheza. Mwaka jana mwenzetu alijifungua kituo cha afya akiwa peke yake usiku kucha, mama yake mzazi amekaa nje kwenye benchi na chupa ya chai. Mtoto mzima, lakini mwenzetu hataki hata kusikia habari ya mimba nyingine. Tumekubaliana tuwe na wanawake wa kuwasindikiza wajawazito mpaka ndani. Mganga mfawidhi anasema leba ni ya wahudumu tu, sisi tutaleta uchafu na maneno. Bibi mmoja mkunga wa jadi anataka jina lake liwe la kwanza kwenye orodha. Na wapo wanaouliza watalipwa nini. Tuanzie wapi?*
Mwenyekiti, Muheza

Marahaba mdogo wangu. Anza na mganga mfawidhi. Mlango ni wake, na isitoshe hoja yake ina ukweli. Kabla sijastaafu nimefanya kazi kwenye leba za vitanda vinne visivyo na pazia hata moja. Mzazi wa kitanda cha pili yuko wazi, anaingia mama mkwe wa kitanda cha tatu, na kesho yake habari zimefika sokoni. Kwa hiyo usibishane naye. Muulize: pazia zikipatikana, je? Waya, ndoano na vitambaa vizito ni kazi ya fundi ya siku moja, na kikoba kinachonunua viti na masufuria ya shughuli hakishindwi na pazia nne. Halafu mwandikie masharti yenu kwenye karatasi moja: mzazi mmoja, mtu mmoja, hakuna ndugu kupokezana, anakaa upande wa kichwa, hagusi wala hachungulii kitanda cha jirani, anaingia na ndala safi, simu imezimwa na hakuna picha. Nakala pelekeni kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wajumbe kutoka kwa wananchi. Viongozi wetu wakiombwa mdomoni huahirisha. Wakiona karatasi huanza kurekebisha vipengele, na hapo mmeshaingia.

Akikwambia haya ni mambo ya kuiga, mjibu kwa adabu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 wa huduma wakati wa kujifungua, linapendekeza kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mwaka mmoja kabla ya hapo watafiti walikusanya majaribio 26 ya nchi 17, wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kukaa nao muda wote waliopasuliwa walikuwa wachache kuliko wengine, uchungu wao ulikuwa mfupi, watoto waliozaliwa wakiwa dhaifu walikuwa wachache, na hawakulalamika kama wengine kuhusu walivyojifungua. Hapa nyumbani Kigoma walijaribu kati ya 2016 na 2018 katika vituo 9 vya serikali. Zaidi ya wanawake 8 kati ya 10 walijifungua wakiwa na mtu wao. Wahudumu nao walisema wasindikizaji waliwapunguzia kazi na kuwaita haraka hali ya mzazi ilipobadilika. Hiyo ndiyo sentensi ya kumpa mganga wako. Habari za haki za mama amezisikia kwenye semina nyingi, ila jicho la pili usiku, nesi akiwa mmoja na wazazi watano, analihitaji yeye mwenyewe.

Nikwambie ninachoamini. Mama zetu walijifungulia nyumbani, chumba kimejaa shangazi, somo na majirani. Sitaki turudi huko, nimeona damu ya kutosha. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16 tulikuwa tunapoteza akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Wa mwaka 2022 ulisema 104, na wanawake 8 kati ya 10 sasa wanajifungulia kituoni. Tuliwahimiza waje, wakaja. Ila yule shangazi tulimwacha getini na chupa yake ya chai, kana kwamba alikuwa sehemu ya hatari tuliyokuwa tunaikimbia.

Sasa huyo msindikizaji anafanya nini huko ndani? Mimba ya kwanza, kuanzia njia ya uzazi ikifunguka sentimita tano mpaka ifunguke yote, saa kumi na mbili zinaweza kupita bila tatizo lolote. Ni usiku mzima huo. Anamkanda kiunoni: kisigino cha kiganja kinakaa pale chini kabisa ya mgongo, anakandamiza uchungu unapopanda na kuachia unaposhuka. Anampa maji, chai yenye sukari, uji mwepesi. Anamkumbusha mkojo kila baada ya saa mbili hivi, maana kibofu kikijaa mtoto anachelewa kushuka, na mzazi mwenyewe katika maumivu yale hakumbuki. Anamwinua atembee, anamlaza ubavu. Na anajua kunyamaza. Namkumbuka shangazi mmoja aliyeshuka na binti wa kaka yake kutoka milimani Amani. Usiku kucha hakuwa na maneno zaidi ya mawili: kila uchungu ukiisha anamfuta jasho, anasema, "Limepita hilo." Binti yule hakupiga kelele hata mara moja, wakati kitanda cha jirani mama mmoja alikuwa anahubiriwa ujasiri na dada yake mpaka akamfukuza.

Na asichoruhusiwa kufanya nacho mkiandike. Asipime njia. Asikandamize tumbo. Asimwambie asukume kabla nesi hajasema. Asiingize dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu hata kama bibi yake mzaa bibi aliitumia. Dawa zile zinaweza kuchana mji wa mimba, na mtoto akaenda, na mama akaenda. Akiona damu nyingi, degedege, kamba ya kitovu imetangulia mtoto, au mzazi analalamika kichwa kinapasuka na macho hayaoni vizuri, haulizi mtu ruhusa ya kupiga kelele.

Hapo ndipo unaposimama na bibi mkunga wa jadi. Mimi ningemchukua. Mikono yake inajua kukanda kuliko ya vijana wengi wenye vyeti, na wanawake wanamwamini. Lakini aseme mbele ya kikao kwamba mkoba wa dawa unabaki nyumbani, na safari za kwanza aende na mwenzake. Kisha jina kuwa la kwanza kwenye orodha lisimpe haki ya kwenda na kila mtu. Mzazi ndiye anayechagua. Wapo wasiotaka mama mkwe aone uchungu wao, wapo wanaomtaka mama mkwe kuliko mama mzazi, na hatuwadai sababu.

Kuhusu malipo, samahani nitapandisha sauti kidogo. Hili neno "kujitolea" linapendwa sana na watu wenye mshahara. Mwanamke anayekesha leba ameacha genge lake, au kesho yake hatakuwa na nguvu ya kwenda kuchuma machungwa ya watu. Msipomlipa, miezi ya mwanzo mtakuwa na orodha ndefu, msimu wa machungwa ukianza mtabaki wewe na katibu. Nauli, chakula na kifuta jasho vitoke mfuko wa jamii wa kikoba kwa kuanzia. Ile mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri msiiguse kwa jambo hili, ni deni, na kukesha na mzazi hakuingizi fedha ya kurejesha. Wekeni hesabu miezi michache: nani alisindikizwa, na nani, aliondoka na hali gani. Karatasi hizo ndizo mtakazopeleka serikali ya kijiji na halmashauri, mdai posho hiyo iingie kwenye bajeti ya kituo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale wa mpango uliozinduliwa Januari 2024, shirikianeni nao, wanajua nyumba ipi ina mjamzito. Ila kazi yao ni kuzunguka kaya kwa kaya. Kukesha na mtu mmoja ni kazi nyingine, na nayo ina bei yake.

Kuna mtego mmoja. Wasindikizaji wenu wakizoeleka, siku moja ataambiwa mmoja apige deki, mwingine apeleke sampuli maabara, mwingine "amwangalie huyu kidogo" nesi akitoka. Mkatae mapema. Msindikizaji ni wa mzazi. Akigeuzwa nesi wa bure, halmashauri itaridhika na nesi mmoja milele.

La mwisho kwako: mkubaliane nani analipa nauli ya kurudi mzazi akihamishiwa hospitali ya wilaya au mkoa. Safari hiyo ndiyo mzazi anaogopa kuliko zote, na ndiyo wasindikizaji wengi hushushwa kwenye gari. Namba ya m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, 115, ikae kwenye simu ya kila mmoja wenu. Ni bure.

*Mama Mkunga, mke wangu ana miezi minane na anataka niingie naye. Mama yangu anasema mwanamume akiona yale mambo nyumba haina baraka tena. Niko njia panda.*
Baba Mtarajiwa, Temeke

Baba, kwanza nendeni pamoja kliniki mkaulize hapo mnapotarajia kujifungulia. Leba ikiwa ya vitanda vingi bila pazia watakukatalia, na wana haki, wale wengine ni wake za watu. Wakikubali, basi neno ni la mkeo. Kama damu inakuangusha mwambie leo, amtafute dada yake, wewe ushughulikie usafiri, vifaa na watu wa kuchangia damu. Baraka hizo anazosema mama mimi sijaziona zikiondoka. Nimeona wanaume wakitoka pale wakamwogopa mke kwa heshima mpya, labda hicho ndicho mama anachohofia.

*Jambo Mama. Mimi ni Mkongomani, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, watoto wawili nilizaa huko. Sasa tuko Grand Rapids, Michigan, na mimba ya miezi sita. Kliniki wananiambia naweza kupata dula, na mume wangu anaogopa tutaletewa bili. Kingereza changu ni kidogo. Ni mtu wa nini huyu?*
Mama Wawili, Grand Rapids

Jambo mwanangu, na hongera. Ni yule yule msindikizaji tuliyemzungumza hapo juu, isipokuwa huko ana mafunzo na analipwa. Anakuja nyumbani kabla hujajifungua, anakaa nawe hospitali, anarudi nyumbani baadaye. Hazalishi, hapimi, haandiki dawa. Kama bima yako ni Medicaid, ile ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mtulize mume: tangu Januari 2023 Medicaid ya Michigan inamlipa dula. Waulize tu kliniki wakupe dula aliyesajiliwa na mpango huo.

Mkubali. Ungekuwa Nyarugusu majirani wangekuletea uji na kukukanda kwa maji ya moto bila kuitwa. Huko una kuta nne na mume anayetoka kazini amechoka. Pia hospitali za huko, pamoja na mashine zote, haziwaangalii wanawake wote kwa jicho moja. Mwaka 2022 wanawake weusi Marekani walikufa kwa uzazi 49.5 kwa kila vizazi 100,000, wazungu 19. Wapo waliosema wanaumwa, na hawakusikilizwa. Unahitaji mtu wa kusema mara ya pili.

Lakini dula si mkalimani, hata akiwa Mkongomani mwenzako. Hospitali inayopokea fedha za serikali inawajibika kukupa mkalimani bila malipo, na unaweza kuomba awe mwanamke. Wataleta karatasi ya upasuaji. Usitie sahihi kitu ambacho mkalimani hajakusomea. Na usikubali mwanao mkubwa ndiye atafsiri habari za mwili wako, hata kama Kingereza chake kinatiririka.

Baada ya kujifungua, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au damu ikirudi kwa wingi, mpigie daktari usiku huo huo, hata kama wiki kadhaa zimepita. Kifafa cha mimba kinaweza kuja mtoto akiwa tayari mikononi.

Dula akija mara ya kwanza, mtolee kadi za kliniki za Nyarugusu kama bado unazo. Mweleze kila mtoto alizaliwa vipi, kama ulishonwa, kama damu ilitoka nyingi, na zaidi ya yote kama uliwahi kupasuliwa. Mwombe akusaidie yote hayo yaandikwe kwenye faili lako, kwa sababu huenda kompyuta za huko hazina historia yako yoyote ya kambini.