VC anataka kampuni iende Delaware: soma hivi kabla hujasaini

Mleta uzi, umeuliza kama ni lazima kampuni yako ya Dar iwekwe chini ya kampuni mama iliyosajiliwa Delaware, jimbo la Marekani, maana VC (mwekezaji wa kampuni changa) kakwambia bila hivyo hatoi hela. Nimeshughulikia makaratasi ya kampuni changa zilizochukua hela za nje, kwa hiyo nakujibu nilivyoona.

Kisheria si lazima. Sheria ya Makampuni ya 2002 inaruhusu hisa za madaraja tofauti. Mwekezaji kulipwa kwanza kampuni ikiuzwa, kiti cha bodi, haki ya kuzuia maamuzi fulani, vyote vinaandikika kwenye katiba ya kampuni na mkataba wa wanahisa. Kama anaogopa mahakama zetu, wekeni usuluhishi. Tanzania imo kwenye Mkataba wa New York wa 1958 kuhusu usuluhishi, hivyo tuzo ya nje, yaani uamuzi wa msuluhishi, inatambulika hapa. Mara nyingi wanang'ang'ania Delaware kwa sababu wanasheria wake wamezoea mikataba ya kule tu, basi.

Kinachouma hasa ni kodi. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinasema umiliki ukibadilika kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka mitatu, kampuni inahesabika kama imeuza mali zake zote. Mamlaka ya Mapato (TRA) inadai kodi ya faida wakati akaunti ya kampuni haijaingia hata shilingi. Na usidhani Delaware inakukinga: umiliki unafuatiliwa hadi juu kabisa, kwa hiyo hisa zikiuzwa kule Marekani, mzigo unatua kwa kampuni yako ya Dar. Vipengele hivi huguswa na Sheria ya Fedha, ambayo huanza kila Julai, hivyo mtafute mshauri wa kodi anayesoma ya mwaka huu.

La pili, kama hela inakuja kwanza kama mkopo utakaogeuka hisa. Kwa Benki Kuu (BoT) huo ni mkopo wa nje, unasajiliwa kupitia benki yako na kupewa namba ya kumbukumbu ya deni, DRN. Kwetu hela ilifika ikakaa. Dada wa dawati la fedha za kigeni pale benki akauliza, "Sasa hii ni mkopo au mtaji?" Mkataba ulisema vyote viwili, na fomu yake ina kisanduku kimoja. Sajilini kabla hela haijatumwa. Bila DRN, siku ya kurudisha benki haitoi dola.

Tume ya Ushindani inakuhusu pale tu mwekezaji anapochukua udhibiti. Ila kizingiti cha kuipa Tume taarifa, shilingi bilioni 3.5, hujumlisha mauzo au mali za pande zote mbili, na mwekezaji peke yake anaweza kukivuka.

Ukikubali Delaware, iandikwe nani analipa wanasheria. Kwetu gharama ilikatwa kwenye hela ileile ya uwekezaji, na ankara tukaletewa baadaye.